Rangi na upigaji kura nchini Tanganyika

Rangi na upigaji kura nchini Tanganyika ni mada inayohusu namna asili ya watu (Waafrika, Waasia na Wazungu) ilivyoathiri taratibu na matokeo ya uchaguzi katika nchi hiyo, ambayo leo ni Tanzania Bara. Mada hii huhusishwa hasa na uchaguzi wa mwaka 1958–1959, unaojulikana kama uchaguzi wa kura tatu. Katika uchaguzi huo kila mpigakura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja.

Mfano mmojawapo unaoonekana wazi ni ule wa Jimbo la Kaskazini, lililojumuisha Arusha, Mlima Meru na Kilimanjaro. Huko suala la rangi lilikuwa limechorwa kwenye ramani ya ardhi kabla ya kuingia katika karatasi ya kura. Maeneo ya Momela na Engare Nanyuki, upande wa mashariki na kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, yamo katika historia hiyo.

## Idadi ya watu na uwakilishi

Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8.6. Wazungu walikuwa takriban 21,000, na Waasia pamoja na Waarabu hawakufika 100,000. Kwa hiyo karibu watu 99 kati ya kila 100 walikuwa Waafrika.

Hata hivyo, serikali ya Gavana Edward Twining ilifuata siasa ya usawa wa jamii. Maana yake haikuwa usawa wa mtu kwa mtu, bali usawa wa kundi kwa kundi. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipewa wajumbe 30 wasio maofisa wa serikali, wote wa kuteuliwa: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Kwa hesabu ya sensa ya 1957, mjumbe mmoja wa Kizungu aliwakilisha watu kama 2,100, ilhali mjumbe mmoja wa Kiafrika aliwakilisha zaidi ya 860,000.

## Ramani ya rangi katika Meru

Katika wilaya ya Arusha, mgawanyo wa watu kwa rangi ulionekana shambani kabla ya kuonekana bungeni. Tangu utawala wa Wajerumani, ardhi kubwa kuzunguka Mlima Meru ilitolewa kwa walowezi. Huko Momela familia ya Trappe kutoka Ujerumani ilikuwa na shamba maarufu tangu mwanzo wa karne ya 20. Wameru na Waarusha walibaki kwenye miteremko ya mlima, wakizungukwa na mashamba ya wageni, na idadi yao ikazidi kuongezeka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tume iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson ilichunguza suala la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Taarifa yake ilipendekeza kubadilishana maeneo ili walowezi wawe na eneo moja lisilokatizwa na makazi ya Waafrika kati ya Meru na Kilimanjaro. Pendekezo hilo lilikusudia kuyapanga makazi kwa rangi.

Utekelezaji ulianza Novemba 1951. Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, na ardhi yao ikatengwa kwa ajili ya mashamba 13 ya mifugo ya Wazungu. Walielekezwa Kingori, sehemu iliyo chini zaidi na yenye joto, ambayo wengi waliikataa.

Umoja wa Raia wa Meru ulimtuma Kirilo Japhet kwenda New York mwaka 1952, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, kuwasilisha malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura zilizohitajika katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudishwa wakati huo. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akieleza kilichotokea. Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, kesi ya ardhi ya Meru ilikuwa tayari inajulikana mbali na Arusha.

## Masharti ya kura tatu

Serikali ilipokubali kufanya uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima, ilihifadhi usawa wa jamii katika sheria. Nchi iligawanywa katika majimbo 10 ya uchaguzi, kila moja likiwa na viti vitatu, kimoja kwa kila jamii. Haki ya kupiga kura ilitolewa kwa mtu mwenye umri wa angalau miaka 21 aliyetimiza moja ya masharti haya:

* kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka;
* kuwa amefika darasa la nane;
* kushika wadhifa uliotajwa katika sheria.

Kwa masharti hayo Waafrika walio wengi waliachwa nje. Waliobaki ndani walikuwa hasa makarani, walimu, wafanyabiashara, machifu na wakulima wa mazao ya biashara, wakiwemo baadhi ya wakulima wa kahawa wa Meru na Kilimanjaro.

Sharti lingine lilihusu karatasi yenyewe ya kura. Mpigakura hakuruhusiwa kumchagua mgombea wa jamii yake tu. Karatasi isiyokuwa na chaguo la Mwafrika, Mwasia na Mzungu ilihesabiwa kuwa imeharibika.

Mfumo huu ulitofautiana na ule wa daftari tofauti kwa kila rangi, ambapo Wazungu huchagua Wazungu na Waasia huchagua Waasia. Katika kura tatu viti viligawanywa kwa rangi, lakini wapigakura waliandikishwa katika daftari moja. Tofauti hiyo iliamua matokeo.

## Mkutano wa Tabora

Wanachama wengi wa TANU waliiona kura tatu kuwa dharau. Chama kilikuwa kimedai kura moja kwa mtu mmoja, na sasa kilitakiwa kuwapigia kura Wazungu na Waasia kwa lazima. Wakati huo hata uanachama wa TANU ulikuwa wa Waafrika peke yao. Wengi walitaka uchaguzi ususiwe.

Suala hilo lilijadiliwa katika mkutano mkuu wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958. Rais wa chama, Julius Nyerere, alitetea kushiriki. Hatari ya kususia ilikuwa wazi: viti vyote vingekwenda kwa chama cha United Tanganyika Party (UTP), kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kutiwa moyo na Gavana Twining, kikiwa na msimamo wa kutetea usawa wa jamii tatu. Mkutano uliamua kushiriki, na uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara.

Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao. Alijitoa TANU na kuanzisha chama cha African National Congress, akidai kwamba Tanganyika ni ya Waafrika tu. Tangu hapo palikuwa na misimamo mitatu juu ya rangi: UTP iliyotaka rangi iwe msingi wa kugawana viti, ANC iliyotaka rangi iwe msingi wa uraia, na TANU iliyotaka rangi isiwe msingi wa lolote, ingawa yenyewe bado haikuwa imefungua mlango wa uanachama kwa wasio Waafrika.

## Namna hesabu ilivyofanya kazi

Sababu ya TANU kushinda katika mfumo uliowekwa kuizuia inaweza kuelezwa kwa mfano wa kubuni. Tuseme jimbo lina wapigakura 1,000: Waafrika 550, Waasia 300 na Wazungu 150. Kwa kiti cha Mzungu wanashindana wagombea wawili, A na B. Wazungu wote wanampenda B, na Waasia wamegawanyika nusu kwa nusu. Hivyo B anapata kura 150 za Wazungu na 150 za Waasia, jumla 300. Ikiwa Waafrika wote wanampigia A, anapata 550 na 150 za Waasia, jumla 700. A anakuwa mjumbe wa Wazungu bila kura hata moja ya Mzungu.

Mfano huohuo unaonyesha upande wa pili. Waafrika wakigawanyika nusu kwa nusu, yaani 275 kwa kila mgombea, basi Waasia na Wazungu 450 ndio wanaoamua nani awe mjumbe, hata kwa kiti cha Mwafrika. Wakisusia, wanaamua kila kitu. Kwa hiyo nguvu ya Waafrika katika mfumo huu haikutegemea wingi wao tu, bali umoja wao, na mjadala wa Tabora ulihusu hasa kuulinda umoja huo.

## Matokeo

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, majimbo matano Septemba 1958 na matano mengine Februari 1959. TANU iliweka wagombea wake wa Kiafrika na kuwaunga mkono wagombea wa Kiasia na Kizungu waliokubaliana na madai ya uhuru.

Katika Jimbo la Kaskazini walichaguliwa Solomon Eliufoo kwa kiti cha Mwafrika, Sophia Mustafa kwa kiti cha Mwasia na Derek Bryceson kwa kiti cha Mzungu. Mustafa alikuwa mkazi wa Arusha na mmoja wa wanawake wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Bryceson alikuwa mkulima wa Kizungu. Katika jimbo ambalo miaka saba kabla Wameru waliondolewa kwenye ardhi yao kwa ajili ya wafugaji wa Kizungu, wapigakura wa Kiafrika walimpigia kura mkulima wa Kizungu kwa sababu ya msimamo wake.

Sehemu nyingine walichaguliwa Nyerere mwenyewe, Amir Jamal, Lady Chesham na Barbro Johansson, mwalimu kutoka Uswidi. Wagombea waliosimama dhidi ya TANU walishindwa, na baadhi ya viti havikuwa na ushindani. Mtemvu alishindwa vibaya. UTP ilivunjika muda mfupi baadaye. Katikati ya mwaka 1959 wajumbe watano waliochaguliwa waliingia serikalini kama mawaziri: Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson.

Uchaguzi wa Agosti 1960 uliacha kura tatu. Kulikuwa na viti 71: 50 vya watu wote, 11 vilivyotengwa kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. TANU ilipata 70. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, katika Jimbo la Kaskazini, ambako Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo. Wote wawili walikuwa Waafrika. Mahali pekee ambapo chama kilishindwa, mstari uliowagawa wapigakura haukuwa rangi.

## Ulinganisho na nchi jirani

Nchini Kenya uchaguzi wa mwaka 1961 ulitenga viti 20 kwa jamii ndogo: 10 kwa Wazungu, 8 kwa Waasia na 2 kwa Waarabu. Mgombea wa viti hivyo alitakiwa kwanza kupata angalau asilimia 25 ya kura za jamii yake ndipo asimame mbele ya wapigakura wote. Sharti hili lilizuia jambo lililotokea katika mfano wa mgombea A hapo juu.

Zanzibar ilikuwa tofauti zaidi. Huko hakukuwa na viti vya rangi, lakini vyama vilionekana kwa macho ya watu wengi kama vyama vya asili: Afro-Shirazi Party (ASP) kwa upande mmoja, na Zanzibar Nationalist Party (ZNP) pamoja na mshirika wake ZPPP kwa upande mwingine. Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoa sare ya viti. Ule wa Juni 1961 ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68. Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika majimbo machache. ZNP na ZPPP ziliunda serikali, na Mapinduzi yakafuata Januari 1964.

Hata Zanzibar asili haikutosha kueleza kura. Washirazi wa Unguja walielekea zaidi ASP, lakini Washirazi wengi wa Pemba walielekea ZNP na ZPPP. Walikuwa watu wa jina moja, wenye historia tofauti ya ardhi: huko Pemba wenyeji wengi walimiliki mikarafuu yao wenyewe, ilhali Unguja mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa wachache.

## Ulinganisho na Marekani

Marekani ni nchi ambayo uhusiano wa rangi na kura umechorwa kwenye ramani kuliko nyingine nyingi. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2008, kura za maoni zilizochukuliwa vituoni zilionyesha kuwa Barack Obama alipata takriban asilimia 95 ya wapigakura weusi na asilimia 43 ya Wazungu. Katika majimbo ya kusini kuna ukanda wa wilaya unaoonekana kama upinde kutoka Mississippi kupitia Alabama hadi Georgia, ambao hupigia kura chama cha Democratic ukiwa umezungukwa na wilaya za Republican. Ukanda huo unafuata udongo wenye rutuba uliolimwa pamba na watumwa katika karne ya 19. Wajukuu wa watumwa hao bado ni wengi hapo.

Ramani hizo zina uzito wa kisheria. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 ilipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika uchaguzi. Mwaka 1986, katika kesi ya *Thornburg v. Gingles*, Mahakama Kuu ya Marekani ilieleza kwamba wanaolalamikia mipaka ya majimbo lazima waonyeshe kuwa wapigakura wa jimbo hilo wamegawanyika kwa rangi. Kwa hiyo takwimu za rangi na kura hutumika mahakamani kama ushahidi.

## Matatizo ya kuchora ramani

Kura ni ya siri. Mchoraji wa ramani hajui nani alimpigia nani. Anachojua ni matokeo ya kituo au jimbo, na pengine asili ya wakazi wake kwa mujibu wa sensa. Kutoka hapo hadi kwa mtu mmoja mmoja kuna pengo.

Mwaka 1950 mwanasosholojia Mmarekani William S. Robinson alionyesha ukubwa wa pengo hilo. Katika takwimu za sensa ya 1930, majimbo ya Marekani yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu wengi zaidi wanaojua kusoma. Lakini mtu kwa mtu, wahamiaji ndio waliojua kusoma kwa kiwango kidogo. Walikuwa wamehamia tu katika majimbo yenye elimu zaidi. Anayetazama ramani peke yake angefikia hitimisho lililo kinyume cha ukweli.

Kwa Tanganyika ya 1958 tatizo ni kubwa zaidi. Matokeo yalijumlishwa kwa majimbo 10 makubwa, na waliopiga kura walikuwa sehemu ndogo ya watu wazima. Ushindi wa Bryceson na Mustafa unaonyesha kwamba wapigakura wa rangi moja waliwachagua watu wa rangi nyingine. Hauonyeshi ni Wazungu au Waasia wangapi waliwaunga mkono, wala wakulima waliokosa sifa ya kuandikishwa wangeamua nini.

## Baada ya uhuru

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alipinga na kutishia kujiuzulu, na muswada ukapita bila kubagua rangi. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 alipata zaidi ya kura milioni 1.1 dhidi ya takriban 21,000 za Mtemvu. Mwaka 1963 TANU ilifungua uanachama kwa watu wa rangi zote.

Katika uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, kampeni za kutumia rangi, kabila au dini zilikatazwa. Jamal na Bryceson walikuwa miongoni mwa waliochaguliwa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kinachosimamia kabila, dini, rangi au eneo fulani.

Hatua hizi zina pande mbili. Zinamnyima mwanasiasa takwimu za kuwahesabu watu kwa asili zao. Lakini pia zinamnyima mtafiti njia ya kupima kama asili bado inaathiri kura. Ramani ya aina ya Marekani haiwezi kuchorwa nchini Tanzania kwa takwimu rasmi.

## Arumeru Mashariki mwaka 2012

Leo Momela imo katika jimbo la Arumeru Mashariki. Sehemu ya ardhi yake ni ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 ikiitwa kwa jina la Kreta ya Ngurdoto. Tarehe 1 Aprili 2012 jimbo lilifanya uchaguzi mdogo baada ya kifo cha mbunge Jeremiah Sumari. Joshua Nassari wa Chadema alipata kura 32,972 na kumshinda Sioi Sumari wa CCM, mtoto wa marehemu, aliyepata 26,757.

Wagombea hao wawili walikuwa wenyeji wa Meru, hivyo kabila halikuweza kuwatofautisha, wala rangi. Hata hivyo, miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa sana katika kampeni ulikuwa uhaba wa ardhi na hatima ya mashamba makubwa yaliyoanzia enzi za walowezi. Miaka 60 baada ya Engare Nanyuki, rangi ilikuwa imetoka katika karatasi ya kura, lakini mipaka iliyochorwa kwa ajili yake ilikuwa bado inaonekana shambani.

## Tazama pia

* Kesi ya ardhi ya Meru
* Kirilo Japhet
* Sophia Mustafa
* TANU
* Hifadhi ya Taifa ya Arusha
* Mapinduzi ya Zanzibar